Bado Ilipohesabiwa Ndiyo

Vijana wa ofisini, mliniaga kwa keki na saa ya ukutani, na mmoja wenu akasimama kunisifu kwamba sijawahi kukasirika. Uongo ule nimeusamehe. Nimekasirika miaka yangu yote ya kazi, ila hasira zangu nilizimalizia kwenye kompyuta, na kompyuta haina mdomo wa kwenda kunisema kwa mkuu. Saa yenyewe, nilipofika nyumbani niliifungua nyuma kutazama kama betri ni mpya. Haikuwa mpya.

Ndivyo nilivyo. Mke wangu husema mimi hata nikiletewa salamu nauliza zimetoka kwa nani na kwa nini leo. Lakini shaka hii sikuzaliwa nayo, nilifundishwa kazini, na nimeona niwaandikie ilikotoka. Wiki yangu ya mwisho niliwaona mnavyoandika programu zenu kwa haraka, mnaiachia lugha iamue yenyewe kipi ni ndiyo na kipi ni hapana. Mmoja akaniambia, "Mzee, hii lugha inaelewa." Nilinyamaza kwa kuwa keki ilikuwa inakatwa.

Kazi niliianzia Mombasa, Uhuru ukiwa mbichi, bendera bado zina rangi yake ya dukani. Nilitoka Msambweni na suruali moja ya heshima nikaingia kwenye kampuni ya mizigo iliyokuwa na kompyuta ya kujaza chumba kizima. Chumba kile kilikuwa baridi hata tukivaa sweta, na tulipotoka nje nazo mchana wa Mombasa watu walidhani tuna homa. Siku zile hakukuwa na kioo wala kibodi cha kuchezea. Programu na habari zake zote zilitobolewa kwenye kadi ngumu, tundu kwa tundu, kisha kadi zikalishwa mashine.

Mkuu wa chumba cha kadi alikuwa Bi Rukia, mwanamke wa Ukunda, mfupi, mchache wa maneno, na hayo machache yalikuwa makavu. Siku yangu ya kwanza alinipa bunda la kadi, akaniacha nalo kidogo, akarudi kuniuliza kama ziko sawa. Nikasema ndiyo. Akaniuliza nimejuaje. Nilikuwa nimezitazama tu jinsi mtu anavyotazama embe sokoni. Akanivutia kiti karibu na dirisha, akaniambia niinue kadi moja moja nisome matundu yake kwenye mwanga, na nisiseme neno ndiyo mpaka niwe na ndiyo ya kusema. Nilishinda pale hadi jioni. Zilikuwa sawa zote, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Lugha tuliyoandikia kule ilikuwa kali, na Bi Rukia aliipenda kwa ukali wake. Ndani yake namba ilikuwa na chombo chake, na ndiyo na hapana zilikuwa na chombo chake, huwezi kumimina hiki ndani ya kile. Ukiweka namba mahali panapotaka ndiyo au hapana, kazi yako yote inarudishwa, na zamu yako ya mashine unaisubiri tena kesho. Kama unataka namba igeuke kuwa ndiyo, lazima useme kwa maandishi yako mwenyewe: ikiwa namba hii ni sawa na moja, basi ni ndiyo. Vijana tulinung'unika. Bi Rukia alisema mtu anayekuuliza maswali mengi kabla ya kukufungulia mlango si lazima awe anakuchukia.

Miaka ikapita, Bi Rukia akastaafu, akarudi Ukunda kushona mabuibui. Uhuru nao ukawa mtu mzima, na kompyuta zikanywea mpaka zikaweza kukaa juu ya meza. Ndipo nikarudi kwetu. Msambweni palikuwa na mradi wa visima, wa kuchimba na kuweka mabomba ya mkono vijijini, na mradi ulikuwa umeletewa kompyuta moja ya mezani na programu iliyokuwa imekwisha kuandikwa na mtaalamu ambaye alikwisha ondoka. Mimi nikapewa vyote viwili, na kitambaa cha kufunikia vumbi.

Programu ile iliandikwa kwa BASIC. Wenzangu, lugha ile ilikuwa na ukarimu wa kutisha. Ukiweka namba mahali panapotaka ndiyo au hapana haikurudishii kazi wala haikuulizi. Inageuza yenyewe, kimyakimya: sifuri inaifanya hapana, na chochote kingine chini ya jua inakifanya ndiyo. Moja ni ndiyo, tisini ni ndiyo, hasi kumi ni ndiyo. Siku za mwanzo nilikaa nayo niihoji. Nikaiuliza kinyume cha moja ni nini, nikitegemea sifuri. Ikajibu hasi mbili. Na hasi mbili, kwa kuwa si sifuri, nayo ni ndiyo. Yaani kinyume cha ndiyo ni ndiyo. Nikaizima, nikaenda kunywa chai, nikarudi nikaiwasha nikaiuliza tena. Jibu lilikuwa lilelile.

Nilimweleza mkuu wa mradi, Bwana Kyalo, Mkamba mwungwana ila mtu wa haraka, aliyekula chakula chake cha mchana amesimama. Alicheka akasema mimi ndiye mtu wa kwanza kumwona anayeishuku hesabu. Tangu hapo ofisi nzima ikaniita Bwana Shaka. Sikuona aibu.

Sasa kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kisima kikichimbwa, bomba lake hufungwa mnyororo na kufuli, na ufunguo hukaa kwa mtunza bomba, mwanamke aliyechaguliwa na kijiji. Mpimaji wetu, Hamisi, huchukua chupa ya maji akaipeleka maabara ya mradi. Hamisi akiniandikia matokeo naingiza namba kwenye kompyuta, moja kama maji ni salama, sifuri kama si salama. Mashine huchapa neno FUNGUA au neno FUNGA kwa kila kisima, kwenye karatasi ambayo dereva wetu Salim huichukua kwenye printa kabla sijaisoma, akaenda kijiji kwa kijiji kuwatangazia watunza mabomba. Mpaka wasikie fungua kwa Salim, kufuli haliguswi.

Tatizo ni kwamba Hamisi alikuwa mtu wa kwetu. Nyinyi mliokuja juzi kutoka bara hamjui uzito wa neno hapana huku pwani. Kwetu mtu hamwambii mwenzake hapana waziwazi, ni kumtia kofi. Nina jirani, mzee wa kupita themanini, hajaoa maishani, na ukimuuliza kama ana mke hadi leo atakujibu bado. Muuza samaki aliyeishiwa tangu asubuhi atakwambia bado. Basi Hamisi, kijiji kizima kimesimama na ndoo kinamsubiri, maji yameoza kwa vijidudu, angemwambia nani hapana? Aliandika bado. Maana yake tutatia klorini, tutapima tena, inshallah yatakuwa mema. Mimi nikiiona bado ile naingiza sifuri, na kisima kinabaki kimefungwa. Tulikuwa tunaelewana.

Bwana Kyalo hakupenda kuelewana kusikoandikwa. Alitaka kujua visima vingapi ni vibaya na vingapi vinasubiri kupimwa upya, nalo ni jambo la haki, simlaumu. Akaagiza kuanzia siku ile bado ipewe namba yake, iwe mbili. Hamisi aliambiwa, maabara wakaambiwa, mimi nikaambiwa, na programu ikakubali kupokea mbili bila kukohoa. Niliuliza kama aliyeiandika aliitazamia mbili. Nikajibiwa, "Bwana Shaka, ingiza mbili." Nikaingiza mbili.

Kisima cha nyuma ya Gazi, upande wa mashambani, kilikuwa cha Mwanakombo. Alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti pana, na ufunguo wake aliufunga kwenye pindo la leso mchana na usiku. Mimi mwenyewe alinikatalia kunifungulia niuone mdomo wa bomba, nami ni mtu wa mradi, akasema ruhusa yake inatoka kwa Salim si kwa mgeni mwenye kalamu mfukoni. Nilirudi ofisini nikimheshimu sana.

Siku chache baada ya amri ile ya mbili, habari zikaja kwamba watoto wa kule wanahara na kutapika, na mmoja amelazwa hospitalini Msambweni, ametiwa maji ya mshipa na hajui alipo. Tulikimbia. Bomba tulilikuta wazi, kufuli limening'inia, na ardhi kulizunguka imelowa kwa maji ya ndoo za watu. Mwanakombo alisema Salim alimwambia kimepita, fungua. Salim akasema ni kweli, alitangaza kilichoandikwa kwenye karatasi, na karatasi yenyewe alikwisha itupa kama kawaida yake. Bwana Kyalo akaja kuangalia kwenye kompyuta yangu, na pale palikuwa na mbili, bado, wazi kabisa. Akaniuliza kama mimi ninaiona mbili ile. Nikasema naiona.

Hapo ndipo shaka ilipotoka kwangu ikaenea wilaya nzima. Salim na Mwanakombo ni watu wa ukoo mmoja, basi ofisini ikasemwa wamepatana. Kijijini wakaona hilo halitoshi. Kwa nini Mwanakombo afungue kabla ya wakati? Lazima kuna alichokitia majini akataka watu wanywe upesi. Tena aligombana na mama wa yule mtoto aliyelazwa, waligombania foleni ya ndoo kwenye kisima cha zamani, watu wanakumbuka. Hakuna hata mmoja aliyesema alimwona. Ukimuuliza mtu kama Mwanakombo katia kitu majini, anakujibu, mimi sijui, lakini lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwetu methali hiyo imefunga watu wengi kuliko mahakama.

Mumewe, Bakari, mchoma mkaa, hakumtetea wala hakumshtaki. Alimfungia nguo zake kwenye shuka akamwambia aende Bongwe kwa wazazi wake apumzike kwanza, mambo yatulie. Watu walipomuuliza kama amemwacha mkewe, alijibu bado. Na kila aliyeisikia bado ile aliibeba akaenda kuisema kama talaka iliyokwisha kutolewa. Chifu akatangaza baraza la siku ya soko inayofuata, ambapo kijiji kingeamua kama mama huyu atarudi kuishi miongoni mwao au la. Tulichokuwa nacho mpaka siku hiyo ni mashine moja iliyosema bado, na hakuna aliyediriki kuishuku mashine. Chifu mwenyewe aliniambia, mashine haina shangazi Gazi.

Mimi nilishuku kila mtu kwa zamu. Nilimshuku Salim, nikamkalisha nikamuuliza mpaka akalia. Nilimshuku Hamisi, kwa sababu alikuwa anatetemeka, kumbe alitetemeka kwa kuwa anajua maji yale yalikuwa mabaya tangu kipimo cha kwanza na yeye akaandika bado. Nilimshuku hata Bwana Kyalo kwamba anaharakisha jambo lizikwe. Mwisho nikapanda basi kwenda Ukunda kwa Bi Rukia.

Nilimkuta kwenye cherehani, miwani puani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuacha kukanyaga. Nikamsimulia yote, nani kasema nini na nani ana ukoo na nani. Alisikiliza mpaka akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno. Akaniuliza Hamisi alisema nini, nikasema bado. Akaniuliza Salim alisema nini, nikasema fungua. Akasema, "Basi unamtafuta nini mwongo? Mtafute aliyefasiri. Baina ya bado na fungua kuna mtu kafasiri bila kuulizwa."

Sikungoja chai, na kwa Bi Rukia hilo ni kosa. Nilirudi Msambweni nikakiingiza kwenye kompyuta kisima cha uongo ambacho hakipo duniani. Nikakipa sifuri. Mashine ikasema FUNGA. Nikakipa moja, ikasema FUNGUA. Nikakipa mbili. FUNGUA. Nikaitoa programu yote kwenye karatasi nikaisoma mstari kwa mstari kama nilivyosoma kadi zile dirishani, mpaka nikaufikia. IF P THEN. Basi, hivyo tu. Ikiwa P, fungua. Ikiwa P nini? Mtaalamu hakusema. P kwake ilikuwa namba ya kipimo, ama sifuri ama moja, na lugha ile ilikuwa karimu, itageuza yenyewe, kwa nini ajichoshe? Ilipofika mbili lugha ikatazama, ikaona si sifuri, ikasema ndiyo. Kila mmoja wetu aliambiwa maana ya bado isipokuwa ule mstari.

Lahaula. Nikatafuta visima vingine vyenye mbili. Vilikuwepo, na vyote vilikwisha kufunguliwa. Maji yake yalitokea kuwa mema kwa rehema za Mungu tu, si kwa akili ya mtu yeyote ofisini kwetu. Nilikaa pale nimeshika kichwa, nikaona aibu, na chini ya aibu nikaona hasira, maana niliuliza na nikajibiwa ingiza. Kisha nikaongeza alama ya usawa na moja. IF P = 1 THEN. Dawa yote ilikuwa ni hiyo, sekunde chache za kibodi. Kisima cha uongo nikakipa mbili tena. FUNGA.

Asubuhi nilimwonyesha Bwana Kyalo. Siku ile chakula chake hakukila. Kisha akasema imerekebishwa, alhamdulillahi kama nyinyi mnavyosema, sasa tuendelee na kazi, huko kijijini mambo yatatulia. Nikamwambia kutulia kwa mambo ndiko kunakomwacha yule mama Bongwe. Tulivutana. Mwisho akanipa Landrova na jenereta ya mradi, kwa sharti kwamba kule barazani nisitumie neno kosa, nitumie hitilafu. Nikamwahidi. Nilipofika nikatumia kosa.

Baraza lilikuwa chini ya banda la bati kwenye kituo cha chifu. Mwanakombo aliletwa na kaka yake, akakaa peke yake mwisho wa benchi, na benchi lile watu waliliacha wazi. Niliweka kompyuta na printa juu ya meza ya chifu, nikawasha jenereta nje, nikawaeleza kama ninavyowaeleza nyinyi. Walinitazama kama mtu anayeuza dawa ya meno. Mchukuzi mmoja akaniuliza mradi umenilipa ngapi nimtetee. Ukweli ni kwamba uchawi waliuelewa kuliko maneno yangu, na mimi ningekuwa wao ningejishuku vilevile.

Basi nikaacha kueleza. Niliurudisha ule mstari kama ulivyokuwa zamani, nikawaambia wachague namba wenyewe. Chifu akasema saba. Printa ikakereza, ikatoa FUNGUA. Nikampa karatasi aisome kwa sauti. Fundi baiskeli akasema mia, ikawa FUNGUA. Yule mchukuzi akasema umri wa mama mkwe wake, watu wakacheka, ikawa FUNGUA. Mtu akataka hasi tano kunikomoa, ikawa FUNGUA. Nikasema sasa wekeni sifuri, na hapo ikatoka FUNGA. Nikawaambia, na ile bado ya Hamisi tuliipa namba mbili. Sikuhitaji kuandika, lakini niliandika, na chifu akasoma.

Kicheko kilikatika. Mama wa yule mtoto alikuwa amekaa mbele, mtoto amekwisha toka hospitalini, yuko mapajani kwake, shingo nyembamba kama ya kifaranga. Akasema polepole, "Kwa hiyo mwanangu alikunywa mbili." Hamisi alikuwa amesimama nyuma yangu, nikamsikia analia.

Chifu alikuwa mtu mwema na alitaka twende kula. Akainuka akasema basi ndugu zangu, tumeona wenyewe, yamekwisha, tusameheane, na Mwanakombo arudi kwake kwa amani. Watu wakaanza kukusanya viatu. Ndipo Mwanakombo akasimama, akamwomba chifu radhi, akasema hawezi kusamehewa kwa kitu ambacho hakukifanya, na kwamba kabla watu hawajaondoka ana swali, nalo atamuuliza kila mtu peke yake.

Akaanza na benchi la kwanza. "Nilitia kitu majini?" Mzee wa kwanza akamwambia, mwanangu, hayo yamepita. Akamjibu hakuuliza kama yamepita. Mzee akatazama kofia yake, akatazama chifu, na mwishowe akasema hapana. Akaenda kwa wa pili. Wa pili akasema Mungu ndiye ajuaye. Mwanakombo akasema Mungu atamuuliza siku yake, leo anamuuliza yeye. Hapana, akasema. Wa tatu, wa nne, wote vilevile, kwanza wanazunguka, kisha analirudia swali bila kupandisha sauti, kisha linatoka kama jino linalong'olewa. Katika maisha yangu sijapata kusikia hapana nyingi kiasi kile mahali pamoja. Watu wazima walitoka jasho. Mimi pia aliniuliza, nami niliyekwisha washa jenereta kwa ajili yake, na kabla sijajibu nilikumbuka kwamba nilimwuliza Salim mpaka akalia. Nikasema hapana.

Mama wa mtoto hakuzunguka. Alisema, "Hapana. Na mimi nilisema sijui, Mwanakombo. Nilisema sijui, wao wakasikia ndiyo, na mimi nikawaacha wasikie." Mwanakombo akamgusa yule mtoto kichwani, akapita.

Bakari alikuwa amekaa karibu na nguzo ya mwisho, mikono ina weusi wa mkaa. Alipomwona anakuja alisimama haraka, akasema mke wangu, umechoka, twende nyumbani, punda nimemfunga pale nje. Alisema kwa upole, na nadhani alimaanisha. Akaulizwa swali lake kama wengine. Akasema yeye hakuwahi kusema kwamba katia. Akaulizwa tena. Watu wote tulikuwa tumegeuka kumtazama, na hakuna aliyekuwa akikusanya viatu.

"Hapana," akasema Bakari, kwa sauti ya kusikika nje. "Hukutia kitu." Akafuta uso kwa mkono, ukabaki mstari mweusi kwenye shavu. "Basi sasa utarudi?"

Kila mtu pale alijua jinsi mwanamke wa kwetu anavyojibu swali hilo mbele ya watu. Kuna maneno mengi ya kumkatalia mtu bila kumkatalia, na yote tulikuwa tumekwisha yasikia tangu utotoni. Mwanakombo alimtazama mumewe.

"Hapana," akasema.

Akafungua pindo la leso, akatoa ufunguo, akauweka juu ya meza ya chifu kando ya printa. Kisha akaniuliza kama Landrova inapita Bongwe. Nikasema inapita, nikaenda kuzima jenereta.